Loch Tatu na Jiwe la Baba Yako

Nyumba Na. 41,
Hlinkovice,
karibu na Znojmo.
13 Novemba 1994

Mdogo wangu mpendwa Drahuška,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu, tena salamu zenye harufu ya bata bukini na kabichi, maana nyumba nzima bado inanuka sikukuu ya Mtakatifu Martin. Hujambo? Mumeo Murdo hajambo? Goti lake limekubali kukunjika, au bado anaunyoosha mguu mezani watu wote wajikwae? Mwambie namwonea huruma, lakini kidogo tu, maana aliambiwa asipande paa.

Sisi hatujambo, yaani tunalalamika kwa kiasi cha kawaida. Nyonga yangu inanijulisha mvua kabla ya redio. Mdogo wetu Bohouš ameota kitambi na anadai ni koti nene. Shangazi Apolena ametimiza miaka themanini na sita. Haoni vizuri, hasikii vizuri, na bado anajua ni nani kijijini aliyeanika shuka zisizotakata.

Picha ya nyumba yenu mpya ukingoni mwa loch, kama mnavyoliita ziwa huko Uskoti, imefika salama. Nilimsomea Shangazi ulivyoandika nyuma yake, naye akashika tama. "Masikini mtoto wa kaka yangu," akasema, "kaenda mbali kote kule akaishie kwenye loch?" Ilibidi nimsogezee picha puani ayaone yale maji na ile milima, na Murdo ndani ya mtumbwi anacheka na makasia yake. Bohouš aliichukua, akaitazama sana, akasema kama hiyo ndiyo loch, yeye kesho anakwenda kujishtaki polisi.

Maana kwetu, kama unavyokumbuka, loch ni giza tupu. Ni vile vichochoro walivyochimba mababu chini ya nyumba, ndani ya udongo wa manjano, wajifiche majeshi yakipita. Na ni jela pia. Mtu akikamatwa amelewa, tunasema kalala loch. Kwetu hakuna mtu anayepiga makasia kwenye loch.

Nilikuwa mwalimu, unanijua, siwezi kuliacha neno lipite bila kulikagua kucha. Nikafungua ile kamusi yangu nene ya asili za maneno. Inasema sisi neno hili tulilipata kwa Wajerumani. Kwao Loch ni tundu la aina yoyote, la soksi, la panya, la jibini, na wao pia husema mfungwa yuko kwenye Loch. Lakini zamani sana, kabla halijawa tundu, lilikuwa na maana ya mahali palipofungwa, penye komeo. Basi hiyo jela yetu si utani wa walevi, ni maana ya kale kabisa iliyobaki hai midomoni mwa watu. Na loch yenu, kama Murdo alivyokueleza, haina undugu na hizi zetu. Imetoka kwenye Kigaeli cha bibi zake wa milimani, na asili yake ya mbali ni neno la maji, maji yaliyotuama mahali pamoja.

Nilikaa na kamusi magotini nikasahau supu jikoni. Hebu fikiria, Drahuška. Maneno mawili yasiyojuana, moja limezaliwa kwenye komeo na jingine kwenye maji, yametembea kila moja njia yake kwa maelfu ya miaka, na leo yanabisha mlango wa familia moja yakiwa na sura moja. Na sauti ile ya kooni! Uliniandikia kwamba Waingereza hawaiwezi, wanaishia kusema "lok". Mskoti anaiweza, Mcheki anaiweza, Mjerumani anaiweza. Mimi nimefundisha lugha maisha yangu yote, lakini siku ile nilihisi sijafundisha kitu. Supu iliungua, tukala mkate.

Sasa vuta kiti ukae. Nina ombi, nalo ni zito, sitaki ulifikie ghafla katikati ya habari za bata. Naomba ruhusa yako tuchonge jina la mtoto wa Kijerumani kwenye jiwe la kaburi la baba yako.

Usiikunje barua. Najua baba yako, baba mkubwa wangu Vincenc, alirudi kutoka kwenye loch ya Wajerumani, jela yao ya wakati wa vita, akiwa mifupa na kikohozi, na kikohozi kile kikammaliza ungali darasa la tatu. Najua pia kwamba hukupanda gari la Murdo mpaka alipouza lile la Kijerumani. Sikuombi umsamehe mtu. Kaburi ni la ukoo, lakini jiwe lile ni la baba yako na mama yako, na wewe ndiye mtoto wao pekee, kwa hiyo bila neno lako patasi haitaligusa. Soma mpaka mwisho, kisha uniambie ndiyo au hapana.

Ilianza na Bohouš na majivuno yake. Zabibu za mwaka huu zilikuwa nzuri, basi akataka kupanua ghala lake la mvinyo aweke pipa moja kubwa kuliko yote ya barabara yetu. Akapiga sululu kwenye ukuta wa nyuma, pigo moja, mawili, la tatu sululu ikaingia ndani nzima nzima na karibu imvute. Nyuma ya ukuta palikuwa patupu. Alikuwa ametoboa loch, ile ambayo babu alituambia imeporomoka zamani na isitafutwe.

Mkewe alipiga kelele kwa sababu siku chache baadaye ukuta wa chumba cha juu ulipasuka ufa, na wajukuu wanalala humo. Bohouš akaagiza kokoto na zege wafukie shimo lote. Lori lilikuwa lije Ijumaa, baada ya Siku ya Marehemu Wote.

Siku yenyewe ya Marehemu, asubuhi, mimi nikiwa uani kwa Bohouš nafunga maua ya kupeleka makaburini, akaja mzee mmoja mrefu mpaka langoni, kofia mkononi, na chungu cha maua kwapani. Alikuwa amekuja na basi kutoka Vienna. Alizungumza Kicheki, tena cha hapa hapa kwetu, lakini kilinishtua. Kilikuwa Kicheki cha mtoto. Alikiacha akiwa na umri wa miaka kumi na miwili na hakikukua tena. Kwa hiyo mzee mwenye mvi, aliyevaa tai, alisimama mbele yangu akaniambia, "Mama, samahani, nimebanwa na mkojo." Nilimwonyesha choo nikauma midomo nisicheke. Aliporudi akajitaja: Engelbert Haslinger, amezaliwa nyumba ya jirani, hiyo wanayokaa akina Kubíček sasa.

Hutawakumbuka akina Haslinger, majirani zetu Wajerumani, ulikuwa mdogo mno. Nami nawakumbuka kidogo tu, mama mmoja mnene aliyekuwa akiturushia matunda ya plamu juu ya ukuta.

"Kwenye basi nimesikia mnafukia loch," akasema. "Msifukie. Mdogo wangu yumo ndani."

Bohouš alikuwa anatoka ghalani, akasimama na ndoo mkononi. "Nani yumo ndani, bwana?"

"Resi. Mdogo wangu wa kike. Nataka kumchukua, nimpeleke kwa mama."

Alitusimulia amekaa kwenye ngazi, chungu chake cha maua magotini. Vita ilipofika hapa majira ya kuchipua ya mwaka arobaini na tano, sisi watoto tulikuwa tumepelekwa kwa bibi kule milimani, unajua. Waliobaki kijijini, Wacheki kwa Wajerumani, waliingia loch pamoja, maana bomu halimwulizi mtu anasema lugha gani. Humo ndani Resi, ambaye hata kutambaa hajaanza, alishikwa na homa akafa. Huko juu kulikuwa moto, makaburini hapafikiki. Mama yao akamlaza ndani ya kishubaka ukutani, wakakiziba kwa udongo. Vita ikapita, na kabla mambo hayajatulia Wajerumani wa kijiji wakaamriwa kuondoka, wakapelekwa mpakani kwa miguu na kila mtu na furushi lake. Mama yake alifariki Vienna akiwa kikongwe. Alikuwa akisema jambo moja tu hadi mwisho, kwamba mtoto wake amelala gizani bila kubarikiwa.

Bohouš alisikiliza amekunja mikono. Nilimwona anapambana na nafsi yake. "Ukuta wangu umepasuka, mzee," akasema. "Wajukuu wanalala juu yake. Zege linakuja Ijumaa, na mimi zege siwezi kuliambia ngoja." Kisha akatazama pembeni. "Haya. Mpaka Ijumaa ni yako. Lakini kwanza mshumaa."

Wewe umekaa sana kwenye loch ya maji, labda umesahau. Huu ndio wakati mvinyo mpya unaumuka mapipani na kutoa ile hewa nzito inayotambaa sakafuni na kuua watu. Hapa hakuna anayeingia ghalani mwezi huu bila kutanguliza mshumaa chini, usawa wa magoti. Bohouš aliinama na mshumaa kwenye lile tundu. Ulizimika hata kabla hajaunyoosha mkono. Hewa yote ya mapipa yake ilikuwa imetiririka na kujaa loch, na angeingia mtu na tochi, tungemtoa maiti.

"Kulikuwa na mbingu," Engelbert akasema.

"Mbingu gani tena?"

"Mbingu ndogo. Juu ya benchi. Kama kifuniko cha birika. Mama alikuwa ananiinua niitazame."

Bohouš alielewa mara moja. Tundu la pumzi! Kila loch ilikuwa na lake, bila hilo watu wangekufa mle ndani hata bila kupigwa. Wakaanza kupima uani kwa hatua, wakifuata mwelekeo wa ukuta, wanabishana kama wafanyabiashara wa ng'ombe, na hatua zao zikaishia kwenye kibanda cha sungura cha Shangazi Apolena.

Hapo Bohouš akafanya kosa, na mimi nikamwacha alifanye. Shangazi maisha yake yote amekataza mtu hata kuitaja tu loch ile. Basi ili kumkwepa, Bohouš akampigia kelele sikioni kwamba huyu ni fundi mabomba kutoka mjini, na sungura wahamishwe.

"Mabomba?" Shangazi akafoka. "Mabomba ya nini? Sungura wangu wanaoga?"

"Ni amri ya serikali, Shangazi."

"Serikali gani? Nimeziona nyingi mimi, na hakuna hata moja iliyowahi kunitengenezea bomba!"

Alikwenda jikoni kwa hasira akafunga mlango. Tuliwahamisha sungura mmoja mmoja kwa masikio. Chini ya majani yao palikuwa na jiwe bapa, na chini ya jiwe shimo jembamba lililonyooka kwenda chini. Bohouš alijaza matawi makavu ya mizabibu kwenye ndoo ya chuma, akayawasha, akaining'iniza ndoo shimoni kwa mnyororo, kama babu alivyokuwa akieleza. Moto ulipopata nguvu tulisikia kitu. Kwanza mluzi, kisha mvumo mpana, upepo unaingia kwa mlango wa ghala, unapita chini ya miguu yetu na kutokea kwenye moto. Kilima chote kilikuwa kinavuta pumzi. Tuliulisha moto ule mpaka jioni, na kesho yake tena kuanzia asubuhi.

Mshumaa ulipokubali kuwaka mpaka sakafuni, tuliingia. "Dada, wewe hutapita," Bohouš akaniambia mbele ya mgeni. Nikamwambia kama kitambi chake kimepita, nyonga yangu itapita.

Drahuška, nimeishi juu ya mahali pale miaka hamsini na nane na sikujua kitu. Njia ni nyembamba, unatembea umeinama, na kila baada ya mwendo mfupi inakata kona kali ili adui asiweze kupiga risasi mbele. Alama za sululu bado ziko ukutani, mbichi, kama fundi katoka kwenda kula. Vishubaka vya taa vina masizi. Na ukuta, usawa wa mabega, ni laini kabisa, umelainishwa na watu waliopita wakijisugua, wa kila vita, na hakuna anayejua idadi yao wala walichokuwa wakiombea humo. Niliweka bega langu pale pale walipoweka yao. Machozi yalinitoka na sikuona haya. Nilifikiri juu ya lile neno, la mahali palipofungwa, nikaona waliolitamka kwanza walikuwa wanajua wanasema nini.

Engelbert alikwenda mbele bila kuuliza njia. Mwili wake ulikuwa unakumbuka, ila ulikumbuka urefu mwingine, kwa hiyo aligonga kichwa kila kona. Tulifika mahali palipopanuka, penye benchi la udongo na lile tundu la mbingu juu yake. Mwisho wa benchi palikuwa na kishubaka kilichozibwa.

Hakutaka sululu. Aliutoa udongo kwa vidole, polepole, akiuweka chini bonge kwa bonge. Bohouš alimshikia mshumaa. Udongo ulipoisha, mle ndani hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mfupa wala kitambaa. Palikuwa pamefagiwa, Drahuška. Mistari ya ufagio ilikuwa inaonekana.

"Nani kamchukua?" Engelbert akauliza. Akauliza tena, kwa Kicheki chake kile cha kitoto.

Tulitoka wote watatu tumejaa udongo mpaka kwenye kope. Shangazi Apolena alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, tayari kumgombeza fundi mabomba. Akamsogelea, akamtazama kwa karibu kama anavyotazama bei sokoni. Kisha fimbo ikamponyoka.

"Hayo masikio," akasema. "Wewe si bomba. Wewe ni Haslinger."

"Mama Poldi," Engelbert akasema. Hivyo ndivyo watoto wa upande ule walivyokuwa wakimwita.

"Umemfuata Resi."

"Hayumo, Mama Poldi."

"Najua hayumo, mtoto wangu. Tulimtoa sisi."

Tulimketisha Shangazi jikoni, na alikataa maji, akataka mvinyo. Akatusimulia. Siku Wajerumani walipoondolewa, yeye alikuwa amesimama kwenye dirisha hili hili. Mama Haslinger alipita katikati ya msururu amemshika Engelbert mkono, na alipofika usawa wa nyumba yetu aligeuka akapaza sauti, "Poldi! Mtoto!" Hayo tu. Palikuwa na vijana wenye bunduki pande zote mbili za barabara, na Shangazi hakuthubutu hata kutikisa kichwa. Ile sauti, anasema, ilikaa naye mezani na kitandani.

Baba yako alikuwa amerudi kutoka gerezani wiki zile. Alikuwa hawezi kupanda ngazi bila kupumzika. Shangazi alimficha jambo lile kwanza, maana baba mkubwa Vincenc alikuwa akisikia Kijerumani anatoka chumbani. Lakini mwishowe akamwambia, akitegemea atukanwe. Baba yako aliinuka akaliendea koti lake. Kisha akasema, "Mimi nimetoka loch, Apolena. Najua mtu anavyolala humo. Simwachi mtoto wa mtu."

Akaingia yeye mwenyewe, na mapafu yale. Kwenye vumbi lile! Alikuwa akikohoa damu, Shangazi anasema, na kila alipomsihi arudi alimjibu asogeze taa. Alimfunga mtoto kwenye koti lake, lile pekee alilokuwa nalo, akafagia pale alipokuwa amelala, akapaziba vizuri kama anafunga mlango wa chumba cha mtu. Walimzika kwenye kaburi letu la ukoo, wakati wa alfajiri, na Shangazi akamwagia maji ya baraka aliyoyachota kanisani kwa kikombe cha chai. Wakaapa kutomwambia mtu. Siku zile ungeweza kupotea kwa jambo dogo kuliko hilo. Kisha baba yako akafa, mwaka ukazaa mwaka, na hapakuwa na wa kumwambia, wala anwani ya kuandikia.

Kwa hiyo Engelbert aliyafikisha maua yake makaburini jioni ile, wote tumeongozana nyuma ya fimbo ya Shangazi. Alimwonyesha mahali penyewe, upande wa ukuta. Alipiga magoti akasema na dada yake kwa Kijerumani, nami nilisogea kando kwa sababu hayakuwa maneno yangu. Alipoinuka aliuliza aliyemtoa ni yupi kati ya majina yale. Nikamwonyesha. Mzee yule wa miaka sitini na moja akavua kofia mbele ya jina la baba yako, aliyefariki hajafika hata hamsini, akasema, "Asante, mjomba."

Hakuomba jina la Resi liandikwe. Nataka ulijue hilo. Alisema amempata, na kwamba pale pana joto la watu, hatamhamisha tena. Wazo la jina ni langu. Bohouš anasita. Anasema watu watasema, jina la Kijerumani kwenye jiwe letu. Shangazi alimjibu, "Watasema nini ambacho bado hawajakisema? Walishasema hata nina mchumba mfanyakazi wa reli." Hata hivyo yule yule Bohouš alilirudisha lori la zege siku ya Ijumaa, akalilipia bila kulitumia, na sasa anajenga tao la matofali kushikilia ukuta ili loch ibaki. Anadai ni kwa ajili ya mvinyo.

Limebaki jambo moja, na Shangazi ndiye aliyenituma nikuandikie, maana anasema ni lako kabla ya kuwa la mtu mwingine. Marehemu mama yako alikuwa na donge moyoni, nadhani alikwambia. Baba yako alipokuwa anakufa alisisitiza alazwe upande wa ukuta, kwenye unyevu, pembeni kabisa. Mama yako alisema, "Na mimi nitalala wapi? Ukutani hapana nafasi ya wawili." Baba yako alimjibu tu kwamba wazee wa ukoo waliolala mle watamkaribisha. Mama yako alilia kwa hilo miaka yote, akidhani mumewe hakutaka kulala naye. Shangazi alimwona akilia na kiapo kikamfunga mdomo, na hilo ndilo linalomwamsha sasa, si lile la vita.

Drahuška, baba yako hakumkimbia mama yako. Alikwenda kulala na mtoto, asibaki peke yake upande ule.

Fundi wa mawe nimemwonyesha jiwe. Anasema chini ya jina la baba yako patasi itapata nafasi ya jina fupi. Ni "Resi" tu, bila ukoo, ukitaka.

Nisalimie Murdo na goti lake, nisalimie binti yenu Ishbel na mumewe, na yule mtoto wao mdogo mwenye nywele za karoti umbusu kwa niaba yangu. Bohouš na mkewe wanakusalimu, wajukuu wanaulizia picha ya mtumbwi. Shangazi Apolena anakusalimu sana, na amekaa hapa mkono kwenye meza, ananiuliza kila mstari nimeandika nini. Mungu awape afya, awalindie paa na kuni za baridi, na akupe utulivu unapokaa na barua hii.

Ukisema ndiyo nakupenda, na ukisema hapana nakupenda vile vile.

Ni mimi dada yako,

Otylie